Baiskeli za umeme na urojo wa Forodhani: hesabu kwa mwenye mtaji mdogo

Na Mwandishi Wetu, Tunduma

WAFANYABIASHARA wa Tunduma wamezoea kula kwa vitu vinavyopita. Mahindi hupita, mchele hupita, shaba ya Zambia na Kongo hupita ikielekea bandari ya Dar es Salaam, mafuta na nguo hupita zikirudi. Anayejua kupitisha haraka kuliko mwenzake ndiye hulala na senti. Kwa sababu hiyo biashara ya utalii, ambayo fedha zake hutoka kwa mtu aliyetulia akitazama, huonekana huku mpakani kuwa mambo ya watu wa Arusha na Zanzibar.

Lakini fedha hazina kabila. Mtu aliyeuza maharage misimu mitatu akabaki na Sh. milioni 20, au kikundi cha kuweka na kukopa chenye kiasi hicho katika kasha, hana budi kujiuliza azipeleke wapi. Fremu za maduka Tunduma zimekuwa ghali, na ugomvi wa kugombea wapangaji si mdogo. Wiki hii ukurasa huu unaichukua biashara moja ambayo wenye mitaji midogo huitamani bila kuipigia hesabu, yaani kuwatembeza watalii mjini Unguja kwa baiskeli za umeme, kiongozi akiwa mbele, na kuwapitisha katika meza za vyakula vya mitaani.

Soko lenyewe si la kubuni. Zanzibar ilipokea watalii zaidi ya 600,000 mwaka 2023 na zaidi ya 700,000 mwaka 2024. Wengi wao hutoka Ulaya, ambako baiskeli ya umeme si kitu cha ajabu tena. Sheria za Umoja wa Ulaya huihesabu kuwa baiskeli ya kawaida ilimradi mota yake isizidi wati 250, isaidie tu wakati mtu anakanyaga pedali, na ikate mwendo ukifika kilomita 25 kwa saa. Mgeni wa namna hiyo, hata akiwa na miaka 60, haogopi kuipanda. Anachoogopa ni jua la saa saba mchana, na hapo ndipo mota inapompunguzia jasho.

Kuna jambo la pili ambalo wengi hawalijui, nalo linamlinda mwenye biashara. Mgeni hawezi kuja na baiskeli yake ya umeme. Kanuni za usafiri wa anga haziruhusu betri ya lithiamu inayozidi wati-saa 160 kupandishwa katika ndege ya abiria, na betri ya baiskeli ya kawaida ya umeme huwa na wati-saa 360 hadi 500. Anayetaka kuendesha hana njia ila kukodi. Ila upanga huu una makali mawili, maana betri ikikufia katikati ya msimu, nayo haiji kwa ndege ya abiria. Itakuja kwa meli, na meli haina haraka na biashara yako.

NJIA NA MEZA

Tuitazame safari yenyewe. Mji Mkongwe uliingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na ndani ya vichochoro vyake baiskeli ya aina yoyote ni usumbufu. Vichochoro ni vyembamba, watoto wanacheza, mikokoteni inapita, na akina mama wanarudi sokoni na vikapu. Mwenye akili huziacha baiskeli pahali penye mlinzi, akawatembeza wageni kwa miguu: Darajani sokoni, nyumba inayohusishwa na Freddie Mercury aliyezaliwa mjini humo mwaka 1946, na Beit al Ajaib. Jumba hilo lilijengwa mwaka 1883, nalo husimuliwa kuwa la kwanza Zanzibar kuwashwa taa za umeme. Sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, kwa hiyo habari zake ziwekwe sawa kabla mgeni hajauliza.

Baiskeli huanza kupata kazi nje ya mji. Barabara ya kaskazini inapita Marhubi, penye magofu ya jumba alilojengewa Sultani Barghash mwanzoni mwa miaka ya 1880 na likateketea kwa moto mwaka 1899. Kisha Mtoni, kisha Bububu, ambako mwanzoni mwa karne iliyopita treni ndogo ilifika kutoka mjini. Kutoka Bububu mtu hupanda kuelekea Kidichi kwenye mahamamu ya Kiajemi ya mwaka 1850, na mbele kidogo kuna mashamba ya viungo ya Kizimbani. Kwenda na kurudi si zaidi ya kilomita 35 hivi. Betri ya wati-saa 480 inaitosha njia hiyo iwapo mgeni anakanyaga pedali na hakuigeuza kuwa pikipiki.

Chakula ndicho kinachoifanya safari hii iwe ya nusu siku badala ya saa moja. Asubuhi ni vitumbua, mkate wa kumimina na chai. Mchana au alasiri ni urojo, ile supu nzito ya unga yenye ukali wa ukwaju au embe bichi, iliyojaa bajia, kachori, vipande vya viazi, mishkaki na chipsi za muhogo, na chatne juu yake. Juisi ya miwa hukamuliwa na tangawizi na ndimu mbele ya macho ya mnunuzi. Jioni ni Forodhani, bustani iliyokarabatiwa na taasisi ya Aga Khan na kufunguliwa tena mwaka 2009. Hapo pweza, mkate wa ufuta na ile chapati iliyojazwa nyama na mayai, ambayo wenyewe huiita piza ya Zanzibar, hupikwa hadharani kwenye moshi na taa.

Hapa nitatoa maoni yangu bila kificho. Wenye mitaji wengi huangalia baiskeli na kusahau meza. Tumbo la mgeni likiharibika usiku mmoja, wiki nzima ya mapato imekwenda, kwa kuwa siku hizi hasira ya mgeni mmoja husomwa na maelfu kabla hata hajapanda ndege. Inafaa kuchagua wauzaji wanne au watano, si kumi na watano, wanaojulikana kwa mafuta safi, maji yaliyochemshwa na chakula kinachotoka jikoni kikiwa moto. Walipwe siku ileile, kwa bei mliyoafikiana, ili mgeni asitajiwe bei ya pili akiwa ameshika sahani. Kumbuka kwamba barafu ya juisi huleta balaa kuliko pweza.

Na kwa msomaji wa Songwe kuna faida ya pembeni katika meza hiyo. Sehemu kubwa ya viazi, vitunguu, nyanya na maharage yanayoliwa visiwani huvushwa kutoka Bara, na nyanda zetu za juu kusini ni ghala la vyakula hivyo. Huenda kuna mfanyabiashara wa Mbozi ambaye tayari yumo katika utalii wa Zanzibar kupitia kiazi cha urojo, naye hana habari.

TUPIGE HESABU

Tarakimu zifuatazo ni za mfano tu. Kila anayetaka kuingia aweke bei alizoulizia mwenyewe mahali pake. Mpangilio wa hesabu, hata hivyo, hautabadilika.

Tuseme umenunua baiskeli nane kwa Sh. 2,500,000 kila moja hadi zinafika, jumla Sh. milioni 20. Mbili ni za viongozi, mmoja mbele na mmoja nyuma. Sita zinabaki kwa wageni. Tuseme kwa mwaka unafanya safari 150, kila safari kwa wastani ina wageni wanne, na kila mmoja analipa Sh. 100,000 pamoja na chakula. Wageni 600 wanakuletea Sh. milioni 60. Hapo ndipo wengi huacha kuhesabu na kuanza kuchagua kiwanja.

Sasa toa. Hoteli, wakala au papasi aliyekuletea mgeni atataka chake. Tuweke robo, yaani Sh. milioni 15. Chakula, Sh. 12,000 kwa mgeni, ni Sh. 7,200,000. Viongozi wawili kwa Sh. 25,000 kila mmoja kwa safari ni Sh. 7,500,000. Pango la stoo, leseni, bima, mlinzi, tairi na breki, tuweke Sh. milioni 12 kwa mwaka. Baiskeli tuzigawe kwa miaka minne, maana chumvi ya bahari haina huruma na mnyororo wala viungio vya nyaya: Sh. milioni 5 kwa mwaka. Betri zitataka kubadilishwa mara moja katika miaka hiyo minne, tukikadiria Sh. 800,000 kwa moja, zote nane ni Sh. 6,400,000, sawa na Sh. 1,600,000 kwa mwaka.

Na umeme? Tukitumia bei ya TANESCO kwa wateja wadogo, Sh. 292 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, uniti moja hufika karibu Sh. 356. Visiwani muuzaji ni Shirika la Umeme Zanzibar, ZECO, lenye viwango vyake, lakini kwa mfano wetu hiyo inatosha. Betri moja hula kama nusu uniti, basi ni Sh. 178. Baiskeli sita zilizotoka kwa safari ni Sh. 1,068. Kwa mwaka mzima wa safari 150 umeme wote ni Sh. 160,200.

Linganisha, msomaji. Umeme, ambao jina lake ndilo limeandikwa kwenye kibao cha biashara, ni Sh. 160,200. Kamisheni ya anayekuletea mgeni ni Sh. milioni 15, zaidi ya mara tisini. Anayekuja kukushawishi kwamba biashara hii ina faida kwa kuwa haitumii petroli amekuonyesha tarakimu iliyo ndogo kuliko zote kwenye karatasi.

Ukijumlisha matumizi yote unapata kama Sh. milioni 48.5, unabaki na Sh. milioni 11.5 kabla ya kodi. Si haba kwa mtaji wa vifaa wa Sh. milioni 20. Lakini shusha wastani wa wageni kutoka wanne hadi wawili kwa safari, mambo mengine yakae vilevile. Mapato yanakuwa Sh. milioni 30, matumizi zaidi ya Sh. milioni 37, na umepoteza Sh. milioni 7 na ushei. Mahali pasipo na faida wala hasara ni wageni 416 kwa mwaka, takriban watatu kwa safari. Kama wageni wote wangekuja moja kwa moja bila dalali, wangetosha 298.

Kwa maneno mengine, biashara hii inahusu sana kuwa na jina linalomfanya mgeni akutafute mwenyewe, na hilo halinunuliki China pamoja na baiskeli. Hujengwa na kiongozi. Mtembeza wageni mzuri, anayejua Kiingereza na Kijerumani au Kifaransa kidogo, anayesalimiana na mama wa vitumbua kwa jina, na anayejua lini anyamaze, ni rasilimali kuliko betri nane. Mimi ningeweka fedha zangu kwake kwanza: nimpe hisa, asiwe kibarua, ili asiondoke na wageni msimu ukichanganya.

KALENDA HAIDANGANYI

Msimu mzuri wa Unguja ni kuanzia Juni hadi Oktoba, na tena Desemba hadi Februari. Masika ya Aprili na Mei hoteli nyingine hufunga kabisa. Hayo yanajulikana. Jambo ambalo sijaona likitiwa katika michanganuo ni Ramadhani.

Mchana wa Ramadhani hakuna safari ya vyakula vya mitaani Zanzibar. Migahawa mingi ya wenyeji hufungwa, na kumpitisha mgeni akitafuna barabarani mbele ya waliofunga ni utovu wa adabu utakaokugharimu heshima kwa majirani. Jioni mambo hugeuka, kwani baada ya futari mji hujaa vyakula kuliko mwezi mwingine wowote. Kwa hiyo safari ihamie usiku, na baiskeli ziwe na taa za kuaminika.

Hadi hapo ni mpangilio tu. Suala la mwekezaji ni kwamba Ramadhani hurudi nyuma kwa siku 10 au 11 kila mwaka. Ramadhani ya mwaka 2026 iliangukia Februari na Machi. Mwaka 2027 inatazamiwa kuanza kwenye wiki ya pili ya Februari, na mwaka 2030, kwa kutegemea mwandamo, itaingia mara mbili, Januari na tena mwishoni mwa Desemba. Maana yake ni kwamba katika umri wote wa baiskeli utakazonunua leo, mwezi huo utakuwa unatembea ndani ya ule msimu mzuri wa mwanzo wa mwaka. Anayekupa mchanganuo wenye mapato sawa kila Januari na Februari hadi mwaka 2030 hajatazama kalenda.

Umeme wenyewe unastahili neno, si kwa bei yake bali kwa kupatikana kwake. Unguja huletewa umeme kutoka Bara kwa waya uliopita chini ya bahari. Waya wa mwaka 1980 uliwahi kuwaacha wenyeji gizani kwa takriban mwezi mmoja mwaka 2008, na tena kwa miezi mitatu kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010. Waya mpya wa megawati 100 uliofadhiliwa na Marekani ulianza kazi mwaka 2013, na hali ikawa nafuu. Hata hivyo, mwenye baiskeli nane ajipange kwa betri mbili za akiba. Kuhusu kuchaji, betri ya lithiamu ikishika moto haizimwi kwa ndoo ya maji. Kuchaji nane usiku kucha katika nyumba ya Mji Mkongwe yenye dari za boriti, kichochoroni ambamo gari la zimamoto halipiti, ni kuutia rehani mtaa mzima. Stoo ya kuchajia iwe nje ya Mji Mkongwe, yenye sakafu ya saruji, hewa ya kutosha na mtu macho.

KARATASI

Mtu wa Bara asidhani leseni aliyokatia Tunduma inavuka bahari. Zanzibar ina usajili wake wa biashara, ina mamlaka yake ya mapato, na shughuli za utalii ziko chini ya Kamisheni ya Utalii Zanzibar. Mshirika mwenyeji hupunguza miezi ya kuzunguka maofisini. Vifaa navyo viwe na karatasi za ushuru zinazosomeka, kwa sababu siku utakapotaka kuzivusha baiskeli kuja Bara utaulizwa zililipiwa wapi na kwa thamani gani.

Bei itangazwe kwa shilingi. Kanuni zilizotolewa Machi 2025 zilikataza kutangaza na kudai malipo ya bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni. Sisi wa Tunduma, tuliozoea kutaja bei kwa kwacha mkono mmoja na shilingi mkono wa pili, tunajua tabia hiyo inavyong'ang'ania. Na ile bima ya lazima ya dola 44 ambayo kila mgeni aingiaye Zanzibar hukata tangu tarehe 1 Oktoba 2024 isikupumbaze. Ni ya kumhudumia mgeni, haikuondolei wewe dhima ya breki mbovu.

Upande wa Bara, amri ya Julai 2025 iliziorodhesha kazi ya kuongoza watalii na ile ya uwakala wa forodha miongoni mwa biashara 15 ambazo mtu asiye raia haruhusiwi kuzifanya. Ya pili ilishangiliwa Tunduma. Ya kwanza ilipita bila kelele.

Je, biashara hii inaweza kufanywa hapahapa? Mkoa wa Songwe, uliozaliwa mwaka 2016, una kimondo cha Mbozi pale Ndolezi. Ni pande la chuma na nikeli linalokadiriwa kuwa na tani 12 hadi 16, lililoingia katika maandishi ya wapima ardhi mwaka 1930, na ambalo limewekwa chini ya Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro. Njia za vumbi za huko zinapita katikati ya mashamba ya kahawa, hewa ni ya baridi, na betri hupenda baridi kiasi kuliko joto la pwani. Kahawa ya shambani, mahindi ya kuchoma na ugali wa maharage vingepata walaji.

Kinachokosekana ni mgeni wa kila siku. Anayefika hufika kwa gari akitoka Mbeya au akielekea Zambia, hupiga picha na kuondoka. Barabara kuu ya Tanzania na Zambia si ya kumpandisha mgeni baiskeli, kwa malori yale. Safari ingebidi ianzie Ndolezi kwenyewe. Baiskeli nane zingelala. Mbili au tatu, mikononi mwa kijana wa kijijini mwenye duka au mgahawa karibu na kimondo, zikikodishwa kwa wageni siku wakija na kubeba magunia madogo ya kahawa siku wasipokuja, hizo zingejilipia polepole. Tarehe ya kuzijaribu ni 30 Juni, siku ambayo Umoja wa Mataifa umeitenga kuwa ya vimondo duniani. Kwa bahati, huangukia wakati mvua zimekwisha na wavunaji wa kahawa wako shambani.